Gari Lisilo na Mwenyewe

Kiti cha dereva kilikuwa na joto.

Jamaludin alikigusa kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Juni, mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na ua wa nyumba yake huko Mtongwe ulikuwa umejaa madimbwi. Mabati ya banda yalikuwa baridi. Spana zilikuwa baridi. Kiti cha abiria, kilichotolewa kwenye boksi moja na hiki, kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Hiki cha dereva peke yake ndicho kilichokuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, na ngozi yake mpya ilikuwa imebonyea katikati.

Ufunguo wa banda ulikuwa mmoja, na ulikuwa mfukoni mwake. Akasema moyoni: paka. Akatafuta manyoya, asiyaone. Akaketi juu ya tairi, akakitazama kile kiti mpaka mbonyeo ukajaa polepole na ngozi ikanyooka. Kisha akashika spana akaanza kazi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, fundi wa bodi anayejulikana kutoka Likoni hadi Ukunda, na aliona haya kukimbia kiti.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la watu wawili, wazi juu, boneti refu na nyuma fupi, la mtindo wa miaka ya sitini. Baba yake Jamaludin aliwahi kuliosha moja kama hilo alipokuwa mtumishi kwa bwana mmoja wa bandarini, na mpaka anakufa hakuacha kulisimulia. Mjukuu wa mzee huyo, Hashim, mwana wa Jamaludin, aliyapokea masimulizi hayo kama urithi. Hashim ndiye aliyegundua kwamba siku hizi mtu aweza kulijenga gari hilo bila ya kuwa nalo. Ng'ambo kuna karakana ndogo ndogo zinazotengeneza vitu vyake upya kwa ajili ya wapenzi wa magari ya zamani: huyu anapiga bodi, yule anachomelea chasisi, mwingine milango, mwingine injini, viti, taa, hadi bawaba na skrubu.

"Baba, tukiagiza kimoja kimoja tutalipata zima," alisema siku moja, simu mkononi, macho yakimcheka. "Na hakuna hata nati moja itakayokuwa imewahi kukaa kwenye gari la mtu. Litakuwa halina mwenyewe ila sisi."

Hashim hakuliona. Alikufa akiwa na miaka ishirini na sita, mbele kidogo ya Kombani, akiwa peke yake kwenye pikapu ya gereji akipeleka bampa Ukunda. Gurudumu la mbele la kushoto lilikwenda njia yake, na gari njia yake. Wengine walisema mwendo, wengine usingizi. Jamaludin, aliyefika pale kabla ya askari, hakusema lolote. Alimwosha mwanawe kwa mikono yake, akamzika, na arubaini ilipokwisha akaanza kuagiza spea.

Miaka miwili maboksi yalivuka feri. Sharti lake lilikuwa moja tu, kila kitu kiwe kipya. Rafiki yake Chengo, muuza vyuma vikuukuu, alimletea siku moja springi nzuri zilizotoka kwenye gari lililokatwakatwa, safi, hazina kutu, za bure kabisa. Jamaludin alizitupa barabarani, na Chengo akaziokota akaenda zake bila kuuliza. Na kwa kuwa alifanya kazi peke yake, alizoea kusema na mwanawe. "Hashim, nishikie hapa." "Hashim, hii bolti waionaje?" Siku nenda siku rudi, miaka miwili, aliliita jina lile juu ya bati tupu.

Mkewe, Mahfoudha, hakukanyaga banda. Alikuwa akishona kofia za mkono kibarazani, na tangu msiba alikula tonge mbili tatu kisha akasukuma sahani. Walikuwa na binti pia, Ihsan, aliyefanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Shanzu na kuja nyumbani siku za Ijumaa. Ihsan ndiye aliyekuwa akisema nyumbani mle. Wazee wake walikuwa wakisikiliza tu.

Wiki moja baada ya kile kiti kupata joto, jua likiwa utosini na mtaa mzima umejilaza, Jamaludin alikuwa akipiga msasa mlango wa kushoto aliposikia sauti ndogo. Tik, tik, tik. Akainua kichwa. Indiketa ya kushoto ilikuwa ikiwaka na kuzima.

Betri ilikuwa juu ya rafu, ndani ya plastiki yake, haijafunguliwa.

Akasimama na msasa mkononi, vumbi limemjaa kope, akihesabu bila kutaka kuhesabu, kwa sababu mwendo ule wa tik, tik, tik, wa haraka kidogo kuliko kawaida kama moyo wa ndege aliyeshikwa, alikuwa ameshawahi kuusikia mahali pamoja tu duniani, nyasini, mbele ya Kombani, pikapu ikiwa imelala ubavu, kila kitu ndani yake kimenyamaa isipokuwa ile taa moja, na hakuna mtu mwingine aliyeusikia siku ile ila yeye. Kisha ikaja harufu. Banda lilikuwa na harufu ya rangi na mpira mpya, harufu aliyoipenda. Katikati yake ikapenya nyingine, kali na baridi, ikamwingia puani mpaka machozi yakamtoka. Kafuri. Ile waliyomtia Hashim walipomaliza kumwosha.

Akatoka nje, akafunga mlango. Hakumwambia mtu.

Hakujua kwamba sauti ilikuwa imeshampata mwingine. Siku ya nne yake alirudi kutoka sokoni Likoni wakati wa alasiri akakuta banda wazi. Mahfoudha alikuwa ameketi ndani ya gari, kwenye kiti cha abiria, amejifunga leso mpya, nywele amezichana. Mbele yake, juu ya dashibodi, kulikuwa na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Chake alikuwa amekinywa nusu. Kile kingine kilikuwa kimejaa, lakini hakikutoa mvuke, na juu yake chai ilikuwa imefanya utando mweupe kama wa maji yaliyoganda.

"Mama Hashim, wafanya nini humu?"

"Nyamaa," akanong'ona bila kugeuka. Alikuwa akitabasamu. "Yuwasema."

"Nani?"

"Mwanao."

Jamaludin alitega sikio. Hakusikia kitu ila kunguru juu ya bati. Lakini mkewe alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayefuata mazungumzo, mara akacheka, kicheko cha zamani ambacho hakukisikia kwa miaka miwili, na kicheko kile kilimtisha kuliko ile taa.

"Toka, tafadhali."

"Wewe umekaa naye miaka miwili peke yako," Mahfoudha akasema kwa upole. "Niachie na mimi."

Tangu siku hiyo hakumweza. Kila alasiri mkewe alipika chai, akaenda kuketi. Akirudi jikoni huwa amechangamka, anaimba, anaulizia majirani. Lakini uso wake ulianza kuchongoka. Mikono yake ikawa baridi hata penye moto. Kofia zake zikalala kibarazani bila kushonwa. Jamaludin akilala karibu naye husikia kafuri kwenye nywele zake, na akimshika bega husikia mfupa.

"Aniambia tutatembea," alisema asubuhi moja, akikata vitunguu. "Gari likikamilika atanipeleka Ukunda. Asema njia ile aijua."

Kisu kilikuwa kikienda taratibu juu ya ubao. Jamaludin aliona ule ubao, ile mikono baridi, na akaelewa kwamba anajenga kitu kitakachokuja kumchukua mkewe. Akaamua kutolimaliza. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: petroli, betri, na kifundo kimoja cha usukani, kile kinachoushika mkono wa gurudumu la mbele la kushoto. Bila kifundo hicho gurudumu hujiendea litakavyo na gari haliendi popote. Alikitoa kwenye boksi kikiwa kipya kinang'aa, akakifunga ndani ya kitambaa, akakizika chini ya nguo zake sandukuni. Banda akalitia kufuli la pili.

Alhamisi alfajiri, alipotoka msikitini, alikuta makufuli yote mawili yametundikwa kwenye msumari, yamefunguliwa vizuri, kama anavyoyatundika yeye mwenyewe. Akaingia. Akawasha tochi, akalala chali, akajisukuma chini ya gari upande wa kushoto kutazama lile pengo aliloliacha.

Halikuwa pengo tena. Pale palipotakiwa kuwa wazi, katikati ya vyuma vipya vilivyokuwa vinang'aa kama sahani za arusi, palikuwa na kifundo kikuukuu. Mpira wake umepasuka, grisi imekauka nyeusi, kutu imekila shingo, na kwenye hiyo shingo kulikuwa na mikwaruzo mitatu ya tupa, miwili mirefu na mmoja mfupi, mikwaruzo ya mkono wake mwenyewe, kwa kuwa mwezi mmoja kabla ya msiba Hashim alimwambia, baba, usukani wa pikapu watetemeka, twahitaji kifundo kipya, na yeye, akiwa na haraka na kazi za watu, alichukua kimoja kwenye gari bovu, akakiona hakiingii, akakikwangua kwa tupa mpaka kikaingia, akamwambia kijana, hiki kitakusogeza kwa sasa.

Akanyoosha kidole kuigusa ile mikwaruzo. Ndipo juu yake, kwenye kiti cha dereva, akasikia uzito ukiketi. Springi zikalia kidogo. Bodi ikashuka, ikamkaribia uso kwa upana wa kidole. Na sauti, sauti ile ile ya mwanawe, yenye ule ukwaruzo wa asubuhi kabla hajanywa chai, ikauliza polepole:

"Baba. Hiki kitanisogeza?"

Hakujua alitokaje. Alijikuta uani, goti limechubuka, anampigia simu binti yake.

Ihsan alikuja siku ya pili, Ijumaa, na hakuja peke yake. Alifuatana na mama mmoja mnene wa makamo, amevaa buibui lililofifia na viatu vya plastiki, mkoba mkubwa begani. Aliitwa Bi Mwanasaumu. Siku za kazi alikuwa akifanya usafi katika zahanati huko Shika Adabu, na kazi hii nyingine, ya kutoa majini, aliipata kwa bibi yake mzaa mama.

"Shikamoo, Bi Mahfoudha," akasema kibarazani, ingawa hakuwa mdogo sana kwa Mahfoudha.

"Marahaba. Karibu chai. Lakini sikai sana, mwanangu yuwaningoja." Na Mahfoudha akaingia jikoni kuchukua vikombe vyake viwili.

Bi Mwanasaumu alimtazama mpaka alipopotea mlangoni. Kisha akamgeukia Jamaludin, akashusha sauti. "Ulipokuwa ukiunga hili gari, ulikuwa ukisema?"

"Nilikuwa nikisema na mwanangu."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

"Kila siku?"

Jamaludin akaitikia kwa kichwa.

"Basi aliyekusikia si mwanao," akasema yule mama. "Mwanao yuko kwa Mola wake, amepumzika. Gari la mtu huwa na mwenyewe, hata akifa. Hili lako halikuwa na mtu. Jipya lote, tupu lote, laitwa jina asubuhi na jioni. Mmoja wao kapita, kasikia aitwa, kaitika. Ukamtilia kiti. Nawe wajua mtu aliyepandwa na jini sisi twamwita nini."

"Kiti," Ihsan akanong'ona.

"Kiti. Yule wa ngozi hamtoshi. Amtaka huyu." Akaonyesha jikoni kwa kidevu.

Hawakuwahi kumzuia. Mahfoudha alipitia mlango wa nyuma, na walipofika bandani alikuwa ameshaketi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na mwanga wake ulipenya matundu ya bati ukalipiga lile gari, rangi ya kijani kibichi iliyokolea, ukalifanya kama kitu kilicho hai. Ihsan alikimbilia mlango wa abiria akavuta kitasa. Hakikufunguka. Gari lilikuwa wazi juu, halina paa, lakini alipojaribu kumshika mama yake mabega mikono yake ilirudi nyuma kama iliyoguswa na barafu, na vidole vikawa vyeupe.

"Mama! Mama, toka!"

"Twaenda kutembea," Mahfoudha akasema. Macho yake yalikuwa mbele.

Bi Mwanasaumu alikuwa ameshawasha makaa kwenye chetezo. Akatia ubani, akatia vitu vingine kutoka mkobani, moshi ukapanda, na akaanza kuzunguka gari akisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya chini isiyoharakishwa, kama mtu anayefagia. Kwenye mzunguko wa pili indiketa ikaanza. Tik, tik, tik. Kwenye mzunguko wa tatu injini, injini isiyo na petroli wala betri, ikaguna mara moja, ikanyamaza, ikaguna tena, kisha ikanguruma, na bati zote za banda zikaanza kutetemeka, spana zikaanguka rafuni moja moja, moshi wa ubani ukaacha kupanda ukalala chini kama maji, na harufu ya kafuri ikawa nzito hata Ihsan akajiziba mdomo kwa ushungi huku akilia, na usukani, usioshikwa na mtu, ukageuka taratibu, ukaelekeza magurudumu yote mawili ya mbele kwenye mlango ulio wazi na njia inayokwenda barabara kuu.

"Wewe ni nani?" Bi Mwanasaumu akauliza.

"Hashim." Sauti ilitoka kwenye kiti kitupu, na safari hii waliisikia wote. Ihsan alianguka magoti.

"Hashim amekufa. Wewe wataka nini?"

"Nimtakaye amekubali. Muulizeni. Mimi sikumshika, yeye ndiye aliyekuja na chai."

"Muachie."

"Kwa nini?" Sauti ikacheka kidogo, bila ubaya, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya. "Mwenye nyumba mwenyewe hathubutu kuniambia nitoke. Muulizeni kwa nini. Muulizeni nimefungwa humu na nini."

Bi Mwanasaumu akasimama. Jasho lilikuwa likimtiririka. Akamwendea Jamaludin karibu sana, akamwambia sikioni, "Kuna kitu umekificha, naye amekikamata kama kamba. Kisomo changu chamfika, lakini hana pa kuachilia. Kiseme. Kiseme sasa, mbele ya mkeo, kabla hajakisema yeye."

Gari likasogea, shubiri moja. Tairi likaponda kikombe kimoja cha chai kilichokuwa kimedondoka sakafuni.

Jamaludin alizunguka akaenda mbele ya boneti, akasimama pale, miguu karibu kugusa bampa, akamtazama mkewe.

"Mahfoudha," alisema. Hakumwita hivyo tangu walipokuwa wachumba. "Hashim hakulala usingizi. Hakuenda mbio. Aliniambia usukani ni mbovu, aliniomba kitu kipya. Mimi nikampa kikuukuu, nilikitoa kwenye gari bovu, hakikuwa hata cha gari lile. Nilikikwangua kwa tupa kikaingia. Kilivunjika. Nilikiona pale pale, nikakitia mfukoni kabla askari hawajafika, nikaenda kukitupa baharini. Ni mimi. Miaka miwili wanitilia chakula, wanifulia, nami nimekaa nacho." Alivuta pumzi. "Na wewe uliyeketi hapo, wewe si mwanangu. Nilikuita kwa jina lake kwa sababu niliogopa kumwita mwenyewe. Sikuiti tena. Toka."

Indiketa ikapiga mara mbili. Injini ikakata. Kitu kilipita kati yao, kama mtu anapopita na nguo ikakugusa, na mlango wa banda ukatikisika ukatulia. Moshi ukaanza kupanda juu tena. Banda likabaki na harufu ya rangi na mpira mpya, basi.

"Alhamdulillahi," Bi Mwanasaumu akasema, akaketi chini pale pale juu ya vumbi. "Amekwenda."

Mlango wa abiria ulifunguka wenyewe kwa Ihsan. Mahfoudha akatoka, akakitazama kiti cha dereva, kisha akamtazama yule mganga.

"Mrudishe," akasema.

"Mama—"

"Mrudishe, mwanangu. Nakuomba." Hakupaza sauti. Akamnyooshea mumewe kidole bila kumtazama. "Ungemuondoa huyu, yule ukaniachia."

Bi Mwanasaumu akaanza kufungasha mkoba wake. Nje waadhini walikuwa wanaanza kuadhini magharibi, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya isha Ihsan alikuwa amemfungia mama yake nguo chache, na wakavuka kwenda kwa mjomba wake, Kisauni.

Jamaludin alipoingia chini ya gari siku ya pili, pale kwenye gurudumu la kushoto palikuwa wazi, safi, kama alivyopaacha. Akaenda sandukuni akakitoa kile kifundo kipya, akakifunga. Akatia betri na petroli. Hakuwa na nia ya kwenda popote. Alishindwa tu kukaa na kitu kisichokamilika. Gari likawaka kama gari lolote. Alilizima, akalifunika turubai. Hakusema nalo neno.

Ilipita miezi mitatu. Ihsan alikuwa akija na kuondoka, akisema mama anaendelea vizuri, mikono imerudi joto, ameanza kushona. Kisha asubuhi moja ya Septemba simu ikalia, na ilikuwa sauti ya Mahfoudha.

"Nitavuka saa nne. Nisubiri Likoni, kwenye feri. Njoo na lile gari."

Kwa kuwa gari halikuwa limesajiliwa, aliazima namba za gereji kwa rafiki yake, akaenda. Watu wa Likoni waliligeukia lile gari, wengine wakapiga picha, muuza karanga akauliza ni la mwaka gani, naye hakujua ajibu nini. Mahfoudha alitokea katikati ya umati, amepungua bado, lakini amesimama wima. Akafungua mlango mwenyewe, akaketi.

"Kile kitu," akasema. "Ni kipya?"

"Kipya."

"Basi nipeleke pale. Sijapaona."

Walikwenda, upepo ukimpiga Mahfoudha ushungi, wakapita Ng'ombeni, wakapita Kombani. Jamaludin aliegesha kando ya kalvati. Palikuwa mahali pa kawaida tu: nyasi, minazi miwili, mbuzi amefungwa kamba. Mahfoudha alishuka, akasimama pale alipoonyeshwa, akaitazama ile ardhi kwa muda mrefu. Akachuma jani la nyasi, akalikunja kidoleni.

"Uliniambia alikufa papo hapo."

Jamaludin aliketi kwenye ukingo wa kalvati.

"Alikuwa hai nilipofika," akasema. "Dakika chache. Aliniuliza, baba, gari limeharibika sana? Nikamwambia la, litatengenezeka. Akasema, basi mama usimwambie leo, atashtuka. Mwambie kesho."

Lori likapita, likawatimulia vumbi. Mahfoudha alijifunika uso kwa ushungi, na mumewe hakujua kama ni kwa ajili ya vumbi. Mabega yake yalitikisika kwa muda. Alipojifunua macho yalikuwa mekundu, na mdomo ulikuwa umefanya kitu kisichokuwa kilio wala kicheko.

"Mwambie kesho," akarudia polepole. "Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hata aliposhindwa mtihani alisema hivyo hivyo." Akalikunjua lile jani. "Huyo ndiye Hashim. Yule mwingine hakuwahi kunihurumia hata mara moja."

Wakakaa pale mpaka mbuzi akamaliza nyasi alizoweza kuzifikia. Walisoma Fatiha, kila mtu kwa moyo wake, kisha wakarudi.

Kwenye feri Mahfoudha alishuka. Jamaludin alikuwa ameufunga mdomo asiombe kitu, lakini macho yalikuwa yakiomba. Mahfoudha aliona.

"Sijui, Baba Hashim," akasema. "Wallahi sijui. Ihsan asema huli. Nenda nyumbani, upike, ule."

Akashuka mteremko pamoja na watu wengine, wenye vikapu na baiskeli na watoto mgongoni, na Jamaludin akasimama kando ya gari akimfuata kwa macho mpaka buibui lake likaingia katikati ya mabuibui mengine, asiweze tena kujua lake ni lipi, na nyuma yake magari yakaanza kumpigia honi asogee.